Nyasi za Guassa: Sheria ya Kale na Uhai wa Mbwa Mwitu wa Ethiopia

Sehemu kubwa ya maandishi juu ya uhifadhi wa wanyamapori barani Afrika huanza pale serikali ilipochora mpaka wa hifadhi ya kwanza, kana kwamba kabla ya siku hiyo ardhi haikuwa na mwenyewe wala taratibu zake. Historia ya mbwa mwitu wa Ethiopia, aliye adimu kuliko wanyama wengine wote wa jamii ya mbwa barani Afrika, haiwezi kuandikwa kwa mtindo huo bila kupotosha ukweli, kwa sababu mojawapo ya makundi yake machache yaliyosalia, yaani lile la nyanda za Guassa katika nchi ya Menz, lilivuka takriban karne tatu chini ya sheria ambayo wakulima waliitunga wenyewe kwa ajili ya kulinda nyasi. Watunzi wa sheria hiyo walihitaji mapaa ya nyumba, kamba, kuni na malisho ya kiangazi. Uhai wa mnyama mwekundu aliyewinda panya katikati ya nyasi hizo ulikuwa tunda ambalo hawakulikusudia, na ambalo thamani yake ilikuja kutambuliwa baada ya sheria yenyewe kuvunjwa.

Mbwa mwitu wa Ethiopia, ambaye wataalamu wa elimu ya viumbe humwita Canis simensis, ana umbo jembamba, miguu mirefu na pua iliyochongoka, manyoya mekundu yanayokaribia rangi ya kutu, weupe kooni na kifuani, na mkia mnene wenye ncha nyeusi. Waamhara humwita ky kebero, nao Waoromo wa kusini humwita jeedala farda. Uzito wake ni kati ya kilo 11 na 20, na haifai kumchanganya na mbwa mwitu mwenye mabaka anayejulikana katika Serengeti na Selous, kwani huyo ni wa ukoo mwingine uliojitenga zamani sana, ilhali huyu wa Ethiopia ana udugu wa karibu na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia. Wanasayansi waliochunguza chembe zake za urithi wanakadiria kwamba wahenga wake waliingia kutoka upande wa Asia kama miaka laki moja iliyopita, katika zama za barafu, wakati ambapo nyanda za baridi zilienea kwa upana katika milima ya Ethiopia. Barafu ilipoyeyuka na joto kupanda, misitu ilizidi kukwea, nyanda hizo zikarudi nyuma hadi kwenye vilele, na wanyama wakabaki juu yake kama watu wa visiwa vilivyotengwa na maji.

Makazi yake ya leo yako juu ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo misitu imekoma na ardhi imefunikwa na nyasi za mafungu, vichaka vifupi na mimea mirefu ya lobelia inayostahimili umande ulioganda. Chakula chake ni panya na fuko, ambao katika milima ya Bale wanafikia kama asilimia 96 ya mawindo yake yote, na aliye mkubwa kati yao ni fuko wa Bale, mnyama asiyepatikana mahali pengine popote duniani, anayeweza kukaribia uzito wa kilo moja, naye ni jamaa ya fuko anayewasumbua wakulima wa nyanda za juu za Kenya. Mbwa mwitu huyu huwinda peke yake mchana, lakini huishi katika kundi la familia ambalo wakubwa wake wote hushirikiana kulisha watoto wa jike mmoja, hulala pamoja, na hukagua mpaka wa eneo lao kwa pamoja alfajiri na jioni. Ni vema msomaji akazingatia sifa hizi mbili, yaani kutegemea panya wa nyasi na kuishi kwa kugusana, kwa sababu ya kwanza inaeleza namna sheria ya nyasi ilivyomwokoa, na ya pili inaeleza namna magonjwa yanavyomteketeza.

Elimu ya Ulaya ilimfahamu kupitia Mjerumani Eduard Rüppell, mpelelezi kutoka Frankfurt aliyesafiri Uhabeshi mwanzoni mwa miaka ya 1830, akampata mnyama huyo katika milima ya Simien na kumwandika kwa jina la kitaalamu mwaka 1835. Kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata hakuna aliyefanya uchunguzi wa maana juu ya maisha yake, na wageni waliopita walibishana tu kama ni mbweha au ni mbwa mwitu. Wakati wote huo, wakulima wa Menz walikuwa wakiishi jirani naye na kuendesha utaratibu wao wa ardhi, ambao haukuandikwa katika kitabu chochote cha Ulaya.

Menz ni nchi ya juu, baridi na yenye upepo, iliyoko kaskazini mashariki mwa Addis Ababa katika jimbo la kale la Shewa, ambako watu wamezoea kulima shayiri, kufuga kondoo na kufuma mablanketi mazito ya sufu. Huko ndiko alikotokea Negasi Krestos, mwasisi wa nasaba ya watawala wa Shewa mwishoni mwa karne ya 17, nasaba ambayo baadaye ilimtoa Menelik II na kisha Haile Selassie. Ukingoni mwa nchi hiyo, pale nyanda za juu zinapokatika ghafla na kuporomoka kuelekea Bonde la Ufa, pana uwanda wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo mia moja, ulio kati ya mita 3,200 na 3,700, ambao umepewa jina la nyasi inayoutawala. Nyasi hiyo, guassa, ni ya jamii ya festuka. Majani yake ni marefu, membamba na magumu, na paa lililoezekwa kwayo hudumu kwa miaka mingi kuliko paa la nyasi za kawaida. Watu walisokota kamba kwayo, wakatengeneza mafagio na makoti ya mvua, na kujazia magodoro, huku vichaka vilivyoota katikati yake vikiwapa kuni katika nchi iliyokuwa na miti michache.

Utaratibu uliosimamia mali hiyo uliitwa Qero, na mapokeo ya wenyeji yanauweka mwanzo wake katika karne ya 17, kwa waanzilishi wawili walioitwa Asbo na Gera, ambao inasemwa kwamba waliligawa eneo kati yao na kulitenga kwa ajili ya malisho na nyasi. Haki ya kuingia Guassa ilitokana na rist, yaani haki ya kutumia ardhi ambayo mtu alikuwa nayo kwa kuwa alizaliwa katika kizazi cha mwanzilishi fulani, ama kwa upande wa baba ama kwa upande wa mama; asiyeweza kuitaja nasaba yake hadi kwa Asbo au Gera hakuwa na fungu. Kila upande ulimchagua kiongozi aliyeitwa Abba Qera, naye ndiye aliyeamua, kwa kushauriana na wazee, lini eneo lifungwe na lini lifunguliwe. Kufungwa huko hakukuwa kwa majuma machache. Guassa iliweza kukaa miaka 3, pengine hata 5, bila mundu wala ng'ombe kuingia, hadi nyasi ikomae. Kisha, kiangazi kilipokuwa kikali na haja ya watu kuwa kubwa, ilitangazwa kuwa wazi, watu wakakata nyasi kwanza, mifugo ikafuata, na mvua zilipokaribia wote wakatoka.

Zelealem Tefera, mtafiti wa Ethiopia aliyekusanya simulizi za wazee wa Menz, ameeleza adhabu zilizoupa utaratibu huu meno. Doria ilikuwa wajibu wa kila kaya yenye haki, na anayekwepa aliadhibiwa. Aliyekamatwa akikata nyasi wakati wa kufungwa aliweza hata kuchomewa nyumba. Na ng'ombe aliyekutwa akilisha humo alichinjwa, ngozi yake ikapelekwa kutengeneza ngoma za ibada za kanisa la mahali hapo. Adhabu hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu inaonyesha jinsi mamlaka mbili zilivyofungamana. Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia lilitoa uzito wa kiroho kwa uamuzi wa Abba Qera, maeneo ya matumizi yaligawanywa kwa kufuata parokia, na mtu aliyevunja sheria alikabili laana ya kanisa pamoja na hasira ya majirani. Aliyepoteza ng'ombe wake kwa njia hiyo aliisikia hasara yake kila sikukuu, ngoma ilipopigwa mbele ya umma uliojua ngozi ile ilitoka wapi.

Matokeo kwa wanyama yalikuwa makubwa. Nyasi iliyoachwa miaka kadhaa hujenga mafungu mazito, na chini ya mafungu hayo panya hupata maficho, chakula na joto. Panya wanapokuwa wengi, mbwa mwitu huweza kulea watoto. Katika uwanda huohuo huishi pia gelada, nyani wakubwa walao nyasi ambao hupatikana Ethiopia pekee, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mbwa mwitu anayewinda panya katikati ya kundi la gelada hufanikiwa katika majaribio mawili kati ya matatu, ilhali akiwa peke yake hufanikiwa mara moja katika nne. Gelada nao humvumilia, naye huacha kuwagusa watoto wao ingawa angeweza kuwakamata. Ujirani wa namna hii, unaowashangaza hata wataalamu wa tabia za wanyama, unahitaji uwanda wenye nyasi tulivu usiovurugwa na mifugo mwaka mzima, na kwa karne nyingi Qero ndiyo iliyoutoa.

Mapinduzi ya mwaka 1974 yaliuondoa ufalme, na mnamo Machi 1975 utawala wa kijeshi uliojulikana kama Derg ulitangaza kuwa ardhi yote ya vijijini ni mali ya umma. Rist ilifutwa, na pamoja nayo ikaanguka nguzo iliyobeba Qero, kwani Abba Qera hakuwa tena na msingi wa kumzuia mtu yeyote. Mamlaka yakahamia kwa vyama vya wakulima vilivyoundwa na serikali, na watu waliokuwa wamezuiwa kwa vizazi vingi wakadai haki yao. Mwanahistoria mwaminifu hawezi kuyahesabu mabadiliko haya kuwa hasara tupu. Qero ililinda nyasi kwa kuwanyima wengine, na wapangaji, mafundi na wageni wasiokuwa na nasaba ya waasisi walitazama mlima uliojaa nyasi huku nyumba zao zikivuja. Mageuzi ya ardhi yaliwapa haki waliyostahili. Kosa la serikali lilikuwa kwamba iliwaongeza watumiaji bila kuweka mahali pa sheria ya zamani sheria nyingine yenye kalenda, doria na adhabu, hivyo mlango uliokuwa ukifunguliwa mara moja katika miaka kadhaa ukabaki wazi.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuona hapa jambo analolijua. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili, eneo la malisho lililofungwa wakati wa mvua ili majani yake yaokoe mifugo kiangazi, na utaratibu huo nao ulidhoofika katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa na kuachana na ardhi waliyokuwa wakiitunza, kabla ya kufufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Serikali mbili zenye itikadi zinazokaribiana zilivunja, katika muongo mmoja, desturi mbili za kufunga malisho ambazo hazikuwa zimezichunguza.

Menz haikungoja mradi. Hali ilipozidi kuwa mbaya, wakulima wa vyama vinane vilivyozunguka Guassa walianza kukubaliana upya juu ya mipaka ya matumizi, wakaunda kamati, na baada ya Derg kuanguka mwaka 1991 juhudi hizo zikapata nafasi ya kupumua. Sheria mpya haikuuliza tena nasaba ya mtu. Ilimtambua mkazi wa kijiji kinachopakana na eneo, mwanamume au mwanamke, na ikaweka faini mahali pa moto na laana. Watafiti walipofika na kuwaeleza wenyeji kwamba mbwa mwitu wao ni miongoni mwa wachache waliobaki duniani, mazungumzo juu ya nyasi yakaunganishwa na mazungumzo juu ya mnyama. Mwaka 2008 Jimbo la Amhara liliitambua Guassa kisheria kuwa eneo la uhifadhi la jamii, na hivyo desturi ikapata muhuri wa serikali.

Milima mingine ilipitia njia tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Haile Selassie iliomba ushauri wa wataalamu wa kigeni, akiwamo Leslie Brown, aliyekuwa ofisa mkuu wa kilimo nchini Kenya na mjuzi mashuhuri wa ndege, ambaye safari zake za kuwatafuta paa wa milimani ziliitangaza Bale kwa ulimwengu. Hifadhi za Taifa za Simien na Bale zilianzishwa mwishoni mwa muongo huo. Huko Simien, watu wa vijiji vya chini ya magenge waliondolewa kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalifanya eneo lisifikike kwa miaka mingi. Shirika la UNESCO, lililoiweka Simien katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, liliitia katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1996, na haikuondolewa humo hadi 2017, baada ya wakazi wa kijiji cha Gich kuhamishiwa mji wa Debark. Bale nako, Waoromo walikuwa na utaratibu wao wa kuhamisha mifugo kwa majira, uitwao godantu, ambao ulipandisha ng'ombe mlimani kwa miezi kadhaa na kuwashusha tena. Hifadhi iliwekwa juu yake bila mapatano ya kweli, na utawala ulipoanguka mwaka 1991, vituo vya walinzi viliporwa, kwa kuwa vilitazamwa kama mali ya serikali iliyochukiwa. Mazingira ya Bale, hasa uwanda wa Sanetti na bonde la Web, ni bora kuliko ya Guassa, na zaidi ya nusu ya mbwa mwitu wote waliosalia wako huko. Lakini ubora wa mazingira pekee haukuwakinga.

Adui aliyewafikia alikuja na mbwa wa kufugwa. Wachungaji wa milimani hufuga mbwa ili wawafukuze fisi na chui usiku, na mbwa hao huzurura, hula mizoga na kukutana na mbwa mwitu, wakiwaambukiza kichaa cha mbwa pamoja na distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, utumbo na ubongo wa wanyama wa jamii hiyo. Kwa kuwa kundi la mbwa mwitu hulala na kusalimiana kwa kugusana pua, mmoja akiambukizwa familia nzima huwa hatarini. Kati ya 1991 na 1992 kichaa cha mbwa kiliua takriban robo tatu ya mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa katika bonde la Web. Claudio Sillero-Zubiri, mwanabiolojia kutoka Argentina aliyekuwa akiwachunguza, alishuhudia makundi aliyoyajua yakitoweka, na mwaka 1995, pamoja na daktari wa mifugo Karen Laurenson, alianzisha Mpango wa Uhifadhi wa Mbwa Mwitu wa Ethiopia, ambao kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuchanja mbwa wa vijijini, maelfu kila mwaka.

Mwaka 2003 ugonjwa ulirudi palepale, na safari hii serikali ilikubali jambo lililokuwa na ubishi mkubwa, yaani kuwachanja mbwa mwitu wenyewe. Kuanzia Novemba ya mwaka huo walikamatwa na kuchanjwa wapatao 70, hasa katika mapito membamba yanayounganisha bonde la Web na maeneo mengine. Robo tatu ya wanyama wa bonde hilo walikufa tena, lakini ugonjwa haukuvuka, na uchambuzi uliochapishwa baadaye ulithibitisha kwamba kuchanja sehemu ndogo ya wanyama walio katika njia za kupita huweza kulinda waliobaki. Hata hivyo kichaa cha mbwa kilizuka upya 2008 na 2014, na distempa ikapiga 2010 na 2015, hadi ilipoonekana kwamba kuufukuza mlipuko baada ya kuanza ni kuchelewa. Mwaka 2018 ilianzishwa Bale kampeni ya kutoa chanjo kwa njia ya mdomo, ambapo dawa hufichwa ndani ya chambo cha nyama ya mbuzi na kutawanywa usiku na watu waliopanda farasi, kwa njia inayofanana na ile iliyotokomeza kichaa cha mbwa miongoni mwa mbweha wa Ulaya Magharibi.

Chanjo huzuia ugonjwa, lakini haizuii jembe. Kiasi cha asilimia 60 ya ardhi ya Ethiopia iliyo juu ya mita 3,200 imekwisha kugeuzwa mashamba, na katika baadhi ya milima shayiri hupandwa karibu na mita 4,000, kwa sababu watu wameongezeka na bonde limejaa. Katika Gojjam, upande wa pili wa mto Abbai, mbwa mwitu walitoweka kabisa baada ya nyanda zao kulimwa, na mlima Guna nao umempoteza wa mwisho. Waliobaki nchini kote, katika vipande vichache vya milima ya Bale, Arsi, Simien, Wollo na Menz, hawafiki 500 waliokomaa, na hakuna hata mmoja anayefugwa katika bustani yoyote ya wanyama duniani ambaye angeweza kurudishwa mlimani endapo hao watakwisha.

Kwa hesabu hiyo, Guassa ina fundisho la kiutendaji kwa mamlaka za wanyamapori za Addis Ababa, Arusha na Nairobi, ambazo bado huandika mipango ya usimamizi kwa kuanza na ramani na idadi ya askari. Wazee walioijua Qero kabla ya 1975 wamebaki wachache sana, na kumbukumbu za godantu, ngitili na desturi nyingine kama hizo zinaondoka na wenyewe. Zikusanywe sasa, ziandikwe pamoja na dosari zake, na kila mpango mpya wa hifadhi ya mlimani ulazimike kueleza, kabla haujaidhinishwa, ni sheria gani za nyasi na malisho zilizokuwapo mahali hapo, nani alizisimamia, na ni nani atakayezisimamia baada ya mpaka kuchorwa.